Umesahau Kumeza Tembe? Fanya Hivi

Leo tunazungumza na akina mama wanaopanga uzazi kwa kumeza tembe. Akina baba pia msitoke, jambo hili linawahusu. Je, mama akisahau kumeza tembe, anaweza kupata mimba?

Ndiyo, anaweza. Lakini hatari hailingani kila siku. Inategemea amesahau tembe ngapi, na ni za sehemu gani ya pakiti.

Wanawake 100 wakimeza tembe kila siku bila kukosa, karibu wote humaliza mwaka bila kushika mimba. Lakini katika maisha ya kawaida, mtu husahau au huchelewa kuchukua pakiti mpya, na takriban 7 kati ya 100 hupata mimba katika mwaka wa kwanza.

Sasa chukua pakiti yako uitazame. Pakiti nyingi zina tembe 28. Zile 21 za kwanza zina dawa ya kuzuia mimba. Zile 7 za mwisho, ambazo mara nyingi ni za rangi ya kahawia, hazina dawa hiyo. Huwa na madini ya chuma ya kuongeza damu. Dawa hulaza ovari, yaani vifuko vya mayai, ili yai lisitoke. Ovari zikikaa siku 7 bila dawa, bado zimelala. Siku zikizidi hapo, huanza kuamka.

Kwa hivyo, ukisahau tembe ya kahawia, itupe na uendelee. Hatari kubwa ni kuchelewa kuanza pakiti mpya, au kuruka tembe za mwanzo au za mwisho za zile 21, kwa maana unazirefusha zile siku 7. Wengi hudhani hatari iko katikati ya pakiti. Sivyo.

Je, ufanye nini? Ukisahau tembe 1 au 2 zenye dawa, meza moja mara tu unapokumbuka, kisha endelea na ya leo saa yako ya kawaida, hata kama utameza mbili siku moja. Huhitaji kinga nyingine.

Ukisahau 3 au zaidi, mambo yamebadilika. Tuseme mama anayeuza samaki Kongowea ameenda matangani Kilifi, na pakiti ikabaki nyumbani. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hakumeza. Jumatatu akirudi, asimeze tatu kwa pamoja ili kulipa deni. Hazitarudisha siku zilizopita, na huenda zikamletea kichefuchefu. Ameze moja mara moja, kisha aendelee na moja kila siku. Yeye na mumewe watumie kondomu, au wasikutane kimwili, mpaka ameze tembe zenye dawa siku 7 mfululizo.

Ikiwa alizisahau katika wiki ya tatu, amalize zilizobaki zenye dawa, aache zile za kahawia, na kesho yake aanze pakiti mpya. Huenda asipate hedhi mwezi huo, asishtuke. Ikiwa ni wiki ya kwanza, na amekutana na mumewe bila kondomu katika siku 5 zilizopita, aende zahanati au duka la dawa aulize tembe za dharura, ambazo wengi huziita P2. Akiwahi ndivyo zinavyofanya kazi vyema. Asingoje siku ya tano.

Kuna pia tembe za mama anayenyonyesha, ambazo zote zina dawa. Nyingi kati ya hizo hazitaki kucheleweshwa zaidi ya saa 3. Ukichelewa, meza mara moja. Kama hedhi imesharudi au mtoto ameanza kula, tumia kondomu kwa siku 2.

Kumbuka pia: ukitapika au ukiendesha sana kwa zaidi ya siku 2, hesabu kama umesahau tembe. Na ukianza dawa za kifua kikuu, mwambie muuguzi kuwa unameza tembe, kwani baadhi yake hupunguza nguvu za tembe.

Hedhi ikikosa kuja na una shaka, nenda ukapimwe mkojo. Ukikutwa na mimba, acha tembe na uanze kliniki. Tembe ulizokwisha kumeza hazimdhuru mtoto.

Ili usisahau, meza saa ile ile kila siku, labda baada ya chakula cha jioni. Ukisafiri, pakiti iwe mkobani. Nawe baba, mkumbushe mkeo. Na ikiwa kila mwezi unasahau, muulize muuguzi kuhusu sindano, vipandikizi au koili.

Tembe hazizuii virusi vya ukimwi; kondomu huvizuia.