Tuyalinde Mapatano Yetu



Zamani mapatano ya mishahara yalikaa kabatini, na ufunguo alikuwa nao katibu. Siku hizi yamo katika kompyuta, na kila tawi huyafungua. Kidole kikiteleza, shilingi 18,500 hugeuka 1,850, na mashine yaweza kulihifadhi kosa hilo bila kuuliza. Tutamjibu nini mwajiri akituonyesha maandishi yetu wenyewe?

Kwa sheria ya mwaka 2007, mapatano hupata nguvu yakisha kuandikishwa na Mahakama ya Kazi. Basi maneno yaliyoandikishwa yasibadilike hata nukta. Tufanye hivi:

Kwanza, matawi yapewe PDF, si faili ya kuandikia.

Pili, faili yenyewe iwe ya kusomwa tu. Katika Word iwekewe kizuizi chenye neno la siri, walijue katibu na naibu wake.

Tatu, nakala nyingine ikae nje ya ofisi, katika diski isiyounganishwa na kompyuta.

Lakini tusijidanganye. Kufuli hizi huzuia bahati mbaya, hazimzuii mwenye nia mbaya. Dawa ya huyo ni karatasi yenye mhuri wa mahakama. Tuitunze.