Baada ya Chai ya Asubuhi: Kazi na Ujirani katika Makazi ya Wazee

Msata ni njia panda. Barabara moja inashuka Bagamoyo na kuendelea Dar es Salaam, ya pili inakwenda Chalinze na kukunja kuelekea Morogoro, ya tatu inavuka Mto Wami kwenda Segera na Tanga. Kila njia katika hizo inafika kwenye makazi ya wazee: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Mwanzange mjini Tanga. Kwa hiyo mzee wa Lugoba, Kiwangwa au Mandera asiye na wa kumtunza, ikifika siku ya kupelekwa makazini, ataondoka kwa mojawapo ya njia hizi, na huko aendako huenda asimkute hata mtu mmoja wa kusemezana naye Kikwere. Atapewa kitanda, chakula na dawa. Ninachouliza ni atapewa nini baada ya chai ya asubuhi, mpaka jua lizame. Jibu ninalolitetea ni kwamba apewe shughuli ambayo pasipo yeye haiendi. Burudani ya kuletewa haitoshi.

Tumezoea kulijibu swali hilo kwa ugeni. Inapokaribia Idi, Krismasi au tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 kwa ajili ya wazee, magari yanaingia makazini na magunia ya mchele, madumu ya mafuta na katoni za sabuni. Kwaya au kasida inasikika, risala inasomwa, picha zinapigwa, na kabla ya alasiri uwanja umekuwa mtupu. Sibezi misaada hiyo hata kidogo. Mchele ule unaliwa na sabuni ile inafulia. Kasoro yake ni kwamba katika shughuli nzima mzee ana kazi moja tu, kupokea na kushukuru. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huwa tunaielekeza kwa mgeni mvivu, lakini ina upande wa pili: jembe ndilo linalomtoa mtu katika ugeni na kumwingiza katika hesabu ya wenye nyumba. Wapo wazee walioishi makazini miaka mingi na bado tunawatendea kama wageni wa siku ya kwanza.

Ushahidi kwamba jambo hili linagusa uhai wenyewe upo. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 308,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi wa wapweke kwa asilimia 50. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2025 lilikadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Kwa hoja yangu, hata hivyo, utafiti mdogo wa mwaka 1976 una uzito zaidi. Ellen Langer na Judith Rodin, katika nyumba moja ya wazee huko Connecticut, Marekani, waliwaambia wakazi wa ghorofa moja kwamba mambo yao yako mikononi mwao: kila mmoja achague mche wa kupanda na autunze mwenyewe, achague na siku ya kutazama filamu. Wa ghorofa nyingine walipewa miche ile ile na filamu zile zile, ila wauguzi ndio waliomwagilia na kupanga siku. Waliopewa jukumu walichangamka zaidi, na baada ya miezi 18 waliofariki miongoni mwao walikuwa wachache. Watu wale walikuwa hawafiki mia, na wataalamu wamezihoji hesabu za vifo vile, kwa hiyo siwezi kuutegemea peke yake. Lakini unaonyesha wazi jambo ambalo sisi hatulipimi: vitu vilikuwa sawa pande zote mbili, tofauti ikawa ni nani anayemwagilia.

Pwani yetu haihitaji kuazima shughuli mbali. Chukueni bao. Lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja. Mzee asiyesikia vizuri analicheza sawasawa na anayesikia, kwa sababu mabishano yote yako ubaoni, na wasiocheza wanapata kazi ya kutazama na kukosoa, ambayo kwa watu wazima ni raha kamili. Au chukueni ukindu: unaanikwa, unachanwa, unatiwa rangi, unasukwa ukili, kisha ukili unashonwa mkeka. Bibi ambaye macho yamefifia bado vidole vyake vinaijua njia ya ukili, naye mwenye macho mazima akae karibu amchagulie rangi. Mkeka mmoja unapita mikono minne, na mikono hiyo haiwezi kukaa mbalimbali. Hapa pana tahadhari: makazi yetu mengine, Nunge ikiwamo, yana historia ya kupokea watu waliougua ukoma, na mkono uliokufa ganzi hauhisi sindano wala sufuria ya moto. Mwenye mkono huo asipangiwe kushona wala kupika; ahesabu miyaa, atunze daftari la mauzo, au awe mwalimu wa wenzake.

Yapo mapingamizi, na hayatoki kwa watu wabaya. La kwanza ni kwamba makazi yana upungufu wa dawa na wahudumu, mikeka na bao zisubiri. Dawa zitangulie, nakubali. Ila bao halina bajeti ya kugombania, na wazee wenye zamu zao humpunguzia mhudumu mzigo. La pili ni zito zaidi: mzee amefanya kazi maisha yake yote, kumrudishia jembe si kumtumikisha? Itakuwa kumtumikisha pale atakapolazimishwa, au mkeka wake ukiuzwa na fedha zisimfikie. Ndiyo maana zamu iwe ya hiari, na atakayesema leo napumzika apumzike bila kuulizwa mara mbili. Kupumzika nako kunanoga kwa aliyekuwa na jambo la kuliacha. La tatu linanukuu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyoyafanya makazi kuwa kimbilio la mwisho baada ya familia na jamii. Eti tukiyapamba, watoto watawatupa wazazi. Sidhani kama kuna mwana anayemwacha mama yake kwa sababu amesikia kule kunachezwa bao. Na aliyefika kimbilio la mwisho hana pa kukimbilia tena, kwa hiyo siku zake za hapo ndizo maisha yake yenyewe.

Hapa Msata tunaweza kuanza kabla gari halijawashwa. Afisa ustawi wa jamii anayeandaa taarifa za mzee huandika jina, umri, kijiji na maradhi. Aongeze mstari mmoja: mzee huyu anajua nini? Mpiga ngoma, mkunga, msusi wa ukili, fundi wa mitumbwi, msimuliaji. Bagamoyo ina TaSUBa, chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, chenye wanafunzi wanaohitaji walimu wa midundo ya zamani. Lakini hawatajua kwamba mwalimu wao yuko Kigamboni kama karatasi yake inasema tu kwamba ana shinikizo la damu. Mstari huo ujazwe huku, wakati bado wapo majirani wa kuulizwa.