Twende Kwetu Kabla ya Daraja

Maelezo ya kamati ya fedha kwenye mkutano wa mwaka wa wana-Pangani waishio Dar es Salaam

 

Mmezoea kutuona tukisimama hapa kila mwaka kusoma mapato na matumizi mpaka watu wanaanza kutazama sahani. Mwaka huu taarifa hiyo mmegawiwa kwenye karatasi, imekaguliwa, na mwenye swali atatukuta pale mezani. Mwenyekiti ametuomba tutumie nafasi yetu kueleza jambo moja tu: kwa nini safari hii mfuko unaombewa ardhi na vyumba vya wageni, na si madawati kama miaka yote.

Kwenye kikao cha kamati tuliulizana swali jepesi. Nani kati yetu amewahi kulala Kipumbwi? Nani amefika Mkwaja bila ya kuwa na msiba? Nani amempeleka mtoto Maziwe? Mikono iliyoinuka ilikuwa michache, na miwili kati ya hiyo ni ya wazee waliozaliwa huko. Watoto wetu wanaijua Nungwi. Wanajua bei ya boti ya kwenda Unguja kuliko wanavyojua nauli ya Tanga hadi Pangani. Hatulaumu mtu. Sisi wa mjini kwetu tunakwenda kuzika na kuozesha, na ukienda kuzika huna muda wa kwenda ufukweni.

Basi tuseme kilichoko huko, maana kuna watu hapa wataombwa kuchangia kitu wasichokifahamu.

Tuanze na mji wenyewe. Pangani ni kimya, na ukimya huo una sababu yake. Karne ya kumi na tisa ilikuwa bandari ya kutajwa. Misafara ya pembe ilishuka kwa njia ya mto, na hata Burton na Speke walipita mwaka 1857 kabla hawajakwenda bara. Mwaka 1888 Wajerumani walipotaka kupandisha bendera yao, vita ya pwani iliwashika hapo hapo, na Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kisha mwaka 1893 yakatokea mambo mawili. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, na mizigo ikahama. Mwaka huo huo, ng'ambo ya mto pale Kikogwe, Dk. Richard Hindorf alipanda miche 62 ya mkonge iliyosalia kati ya 1,000 aliyoagiza kutoka Florida. Mkonge wote mnaouona njiani mkipita Korogwe na Muheza ukoo wake unaanzia kwetu. Lakini faida ilipita kwenye reli, na reli ilikuwa Tanga. Tangu hapo Pangani haikuwa njiani kwenda popote. Mtu hafiki kwa bahati. Anafika kwa sababu ameamua.

Ndiyo maana nyumba za mawe bado zimesimama na baraza zake na milango ya nakshi, nyingine zimeota mti ukutani. Hakuna anayekufuata mtaani kukuuzia shanga. Jioni unakaa kwenye ukuta wa mto unatazama kivuko kikirudi kutoka Bweni na baiskeli, mikungu ya ndizi, na wanafunzi. Mgeni akiuliza hapa kuna nini cha kufanya, jibu la kweli ni kwamba hakuna, na kuna watu duniani wanaolipa nauli kubwa wakitafuta jibu hilo.

Vuka Bweni uelekee kusini. Njia inapita katikati ya minazi na mkonge, na bahari unaisikia kabla hujaiona. Ushongo ndiko wageni wachache wamekwisha fika, kuna hoteli ndogo ndogo, lakini tembea dakika ishirini ufukweni upande wowote na utabaki na kaa peke yako. Maji yakitoka, kina mama wanakwenda na vyuma vyao kutafuta pweza. Msiwapige picha kabla ya kuamkia; wakisharudi na pweza wenyewe watakuiteni.

Mbele ya Ushongo kuna Maziwe, na hapa tuombe subira yenu kidogo. Wazee wanakumbuka kisiwa chenye mivinje, chenye kivuli cha kupumzikia wavuvi, na kasa wakipanda kutaga kuliko mahali pengine popote kwenye pwani hii. Kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Miti ilikatwa, mchanga ukaliwa na mawimbi, na miaka michache baadaye kisiwa hakikuwepo tena. Leo ni fungu la mchanga: maji yakijaa unaona bahari tupu, yakitoka linatokeza jeupe katikati ya buluu. Kasa hawajasahau njia. Bado wanakuja kutaga kwenye mchanga utakaofunikwa na maji, na watu wa Ushongo wanahamisha mayai kwa mikono na kuyafukia upya ufukweni kwao mpaka yaanguliwe. Ukibahatika kufika siku vitoto vinapotoka utawaona watu wazima wamepiga magoti wanachunga visije vikaliwa na kaa. Kazi hii inafanywa na ndugu zetu, na wengi humu ndani ndio kwanza mnaisikia.

Anayetaka kwenda Maziwe atazame mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya kwetu yanakauka saa nne au saa tano asubuhi, na fungu linakuwa pana. Usiende wakati kusi limeshika. Mwezi wa Juni bahari ile haina adabu. Kaskazi ni bora, na siku za utulivu katikati ya pepo mbili ni bora zaidi. Nahodha akisema leo hatutoki, lipa soda yake mkae mzungumze.

Kipumbwi ni kijiji cha kazi, hakijipambi. Ngalawa na mashua zimejaa pwani, dagaa wameanikwa, majahazi yanapakia kwenda Unguja. Kuna kelele, lakini ni kelele za watu wanaotafuta riziki. Ukifika asubuhi utakula samaki aliyevuliwa usiku ule, na bada la muhogo pembeni kama tumbo lako bado linalikumbuka. Endelea kusini upite Sange mpaka Mkwaja, na hapo unaingia kwenye ukingo wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ambako pori linaishia baharini. Kwenye fukwe za Madete kasa wanapanda kama Maziwe. Wenyeji wa Mkwaja watakuambia pia upande wa pili wa habari, maana tembo anayependeza kwenye picha ndiye huyo huyo anayemaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Tusiwapambie watu maisha yao.

Sasa tuje kwenye daraja.

Mnajua kwamba barabara ya lami ya Tanga kwenda Bagamoyo inapita kwetu, na daraja la mto Pangani lina urefu wa mita 525. Tumelililia miaka mingi. Mama mjamzito wa Mwera hatangoja tena kivuko, na muhogo wa Mkalamo hautaoza njiani. Hakuna mwenye akili atakayelipinga. Lakini sisi kazi yetu ni kuangalia upande wa pili wa daftari. Kwa miaka zaidi ya mia moja kilichotulinda ni ugumu wa kufika. Lami ikikamilika, mtu atatoka Dar es Salaam asubuhi na kula chakula cha mchana Ushongo. Nao wanunuzi wa viwanja hawakungoja lami. Wamekwisha kuja, kwa pikipiki, na karatasi mkononi.

Hatumtaji mtu, lakini kila familia humu ina habari yake. Baba mdogo ameuza ekari mbili za minazi ufukweni kwa sababu mtoto alitakiwa ada, au mama alilazwa. Fedha ile imekwisha kabla ya mwaka. Aliyenunua naye ameweka nguzo, na njia ya kwenda kwenye ngalawa imezibwa. Wengi wenu mmefika Nungwi. Hatuna haja ya kusimulia jinsi mambo yanavyoendelea kutoka hapo.

Sheria ipo, tena si mbaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mwanakijiji anaweza kupewa hatimiliki ya kimila, na mwenye hati hasukumwi kirahisi. Kinachokosekana ni fedha ya kupima, na mtu wa kukaa na wazee akawasomea kabla hawajaweka dole gumba.

Na kinachokosekana zaidi ni sababu ya kutouza. Huwezi kumwambia mtu mwenye njaa ashike ardhi kwa ajili ya mandhari. Kwa hiyo turuhusuni tufanye hesabu kidogo, ndiyo kazi tuliyosomeshwa. Hizi ni tarakimu za mfano tu, si takwimu.

Tuseme bibi mmoja wa Ushongo ana nyumba yenye chumba kisichotumika tangu watoto waondoke. Tukitie saruji, neti, kitanda kizuri, tangi la maji na choo safi, tuseme kwa Sh. 3,000,000. Mgeni analala na kula kwa Sh. 40,000. Hatusemi kila siku. Siku 90 tu kwa mwaka, yaani robo ya mwaka. Hizo ni Sh. 3,600,000. Toa nusu kwa chakula, umeme, msaidizi, leseni na kodi, maana tusifundishane kukwepa. Anabaki na Sh. 1,800,000. Gharama ya chumba imerudi kwa mwaka mmoja na miezi minane. Kwa miaka kumi, ukiondoa gharama ile, amepata Sh. 15,000,000, na kiwanja bado ni chake, minazi bado ni yake, na wajukuu wana pa kufikia. Aliyeuza kwa milioni kumi alizipata mara moja.

Mtasema siku 90 ni nyingi. Huenda. Fanyeni 45, itachukua zaidi ya miaka mitatu kurudisha fedha, bado hesabu inasimama. Na mtasema si kila nyumba inafaa, si kila bibi anataka mgeni asiyejua salamu. Ni kweli. Ndiyo maana hatupendekezi kijiji kizima. Tunapendekeza nyumba chache, zilizochaguliwa na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano wao, na nyumba isiyotaka iachwe kwa amani. Wala hatutaki kujenga disko Kipumbwi. Mgeni anayetafuta muziki mpaka alfajiri ana pa kwenda, na huko wanamhudumia vizuri kuliko tutakavyoweza sisi. Kwetu aje yule anayetaka kusikia bahari.

Kwa hiyo mfuko wa mwaka huu umegawanywa sehemu mbili. Sehemu kubwa ni ya kupima mashamba ya ufukweni na kupata hatimiliki za kimila, tukianza na familia zenye wajane na yatima, kwa sababu hao ndio wanaofuatwa kwanza. Sehemu ndogo ni mkopo usio na riba kwa vyumba vya mwanzo, unaorudishwa kidogo kidogo ili uende kwa nyumba nyingine. Fedha zitakaa kwenye akaunti ya chama, zitatiwa saini na watu watatu, mmoja wao akiwa mkazi wa kijijini na si wa Dar es Salaam. Taarifa itabandikwa pia ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwa sababu wenye ardhi ni wao.

Jambo la mwisho ni safari. Shule zikifungwa Desemba tunapanga kwenda na familia zetu, siku nne: mjini, Ushongo, Kipumbwi, Mkwaja. Tutalala kwa ndugu pale inapowezekana, na tutawalipa. Ndugu akikataa fedha mpe mke wake. Tumechagua siku za bamvua ili watoto waone Maziwe ikitoka majini. Nafasi za basi hazizidi idadi ya viti, hivyo wanaosema "nitathibitisha" wathibitishe leo. Chukueni viatu vya kukanyagia mwamba, maana urumba wa Ushongo haujui mwenyeji.

Fomu za mchango na za safari ziko kwa mweka hazina, meza ya kulia ya mlango. Anayelipa kwa simu asisahau kuandika jina lake na kijiji chake. Mwaka jana tulipokea michango kadhaa isiyo na majina, na mpaka leo hatujui tumshukuru nani.