PICHA HUHARIBIKA NJIANI

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa nieleze namna ya kuzifanya picha za bidhaa zibaki wazi zinapowekwa kwenye tovuti, kwa kuwa wengi wetu siku hizi tunauza kitu fulani, awe mwenye asali, mwenye viatu au mwenye samani. Nimekubali, si kwa sababu mimi ni bingwa, bali kwa sababu nilikosea katika jambo hili, na gharama ya kosa langu ikabebwa na wengine.

Dada yangu yumo katika kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu vya milulu mkoani Iringa. Mnunuzi wa kikapu hutazama usukaji kabla ya jambo lingine lolote. Mimi, msomi wa familia, nilijitolea kuwatengenezea tovuti. Dada alipiga picha kwa simu, akanitumia kwa ujumbe, nami nikaziweka. Zikatoka na ukungu. Mnunuzi mmoja wa mbali akaandika kuuliza kama vikapu vile vimesukwa kweli au vimepakwa rangi tu. Tukamjibu, lakini hakuandika tena.

Hapo nikatoa hukumu bila kupeleleza: simu ni mbovu. Nikawashauri wanunue kamera, wakatoa akiba yao ya miezi kadhaa. Picha za kamera nazo walizihamishia kwenye simu, wakanitumia kwa njia ile ile. Ukungu ukawa ule ule. Dada akanipigia: "Kaka, kikapu kiko hapa mezani, naweza kuihesabu milulu yake. Huko kwako mbona kimekuwa kama uji?"

Nikafunga safari hadi Iringa. Nilipoitazama picha ndani ya simu ya dada, ilikuwa safi kabisa. Ndugu zangu, picha haikuwa na kosa ilipozaliwa. Iliharibika njiani, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ni mimi.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukinakili madaftari usiku wa kuamkia mtihani? Wa kwanza alinakili kwa mwalimu, wa pili akanakili kwa wa kwanza, na wa tano akaingia mtihanini na fomula ambayo haijapata kuwako duniani. Picha nazo huwa hivyo hivyo. Hebu tuifuate picha moja.

Picha ya kompyuta ni vidokezo vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Picha ya dada ilikuwa na pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ilipopita kwenye ujumbe wa simu ikapunguzwa ili isafiri upesi, ikanifikia ina 1600 kwa 1200. Mimi nikakata pembeni ili kibaki kikapu peke yake, upana ukawa 600. Kisha ukurasa wa tovuti ukainyosha kujaza nafasi ya 1200. Pikseli moja ikalazimika kufunika mahali pa pikseli nne. Ukungu ungekosaje?

Jambo la pili ni kubana. Picha nyingi huhifadhiwa kwa utaratibu wa JPEG, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 1992. Utaratibu huo huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa mabadiliko madogo madogo ambayo jicho haliyajali sana. Kwa picha ya anga hutaona hasara. Lakini kwa kikapu, mabadiliko hayo madogo ndiyo usukaji wenyewe, ndiyo bidhaa! Na kila unapoirekebisha picha na kuihifadhi upya, hubanwa tena. Mimi nilifanya hivyo mara nne.

Basi, haya ndiyo tunayofanya sasa kwa simu ile ile niliyoihukumu.

Kwanza, tunapiga picha barazani, kwenye kivuli chenye mwanga mwingi. Tunafuta lenzi kwa kitambaa safi, tunaegemeza simu kwenye kitu kisichotikisika, na tunagusa kioo pale penye usukaji ili simu ilenge hapo. Hatuvuti picha kwa vidole ili ikaribie, tunasogea wenyewe.

Pili, picha hutumwa kama faili au hati, si kama picha ya kawaida ya ujumbe, ili ifike nzima. Ile ya asili huwekwa kando na haiguswi. Kila rekebisho huanzia kwenye hiyo.

Tatu, hupunguzwa mara moja tu, kwa kipimo cha mahali itakapokaa. Tangu iPhone 4 ilipotoka mwaka 2010, vioo vingi vya simu vina pikseli mara mbili au zaidi kila upande kwa nafasi ile ile. Kwa hiyo nafasi ya 800 naipelekea picha ya 1600. Ubora wa JPEG nauweka kati ya 80 na 85. Kuinoa picha huja mwisho, tena kidogo; ukizidisha, kingo hutoa mstari mweupe na kikapu huonekana cha bandia.

Nne, chungulia tovuti yenyewe. Wanaotumia WordPress wajue kwamba kwa kawaida hutengeneza nakala kadhaa, ikiwamo ya pikseli 300 na ya 1024. Ukurasa ukichagua ile ya 300 na kuinyosha, kazi yako yote ni bure. Chagua kubwa.

Lakini pia msipeleke picha ya milioni 12 nzima nzima. Mteja hulipia kifurushi chake, na ukurasa ukichelewa kufunguka ataondoka. Picha zetu nyingi sasa hazizidi kilobaiti 400, na milulu yahesabika.

Ndugu Mwenyekiti, nilisimama mbele ya akina mama wale nikawaomba radhi, na fedha za kamera nikazirudisha kwa awamu. Mkubwa wao akaniambia, "Mwanangu, siku nyingine uliza kwanza, ndipo ununue." Hakuongeza neno, wala halikuhitajika. Mnunuzi yule hakurudi, ila wengine wamekuja, na hakuna aliyeuliza tena kama vikapu vimesukwa kweli.

Tunaposaidia jamaa zetu kwa elimu tuliyoipata hapa, tusiwe wepesi wa kulaumu vyombo vyao. Tuikague kwanza kazi ya mikono yetu wenyewe.