Haya Isitufunge Mdomo: Maneno Machache Juu ya Kununua Gari-Nyumba Lililotumika

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu wake kwa waume mliosafiri kutoka Muscat, Dubai, Toronto na kila pembe ya Uingereza, wanangu na wajukuu zangu:

Kabla ya yote nakiri kwamba sikusimama hapa kwa hiari yangu. Mnajua kuwa kaya saba za ukoo wetu zilichanga fedha kwa miaka mitatu ili tununue gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, lipate kumchukua Bi Mkubwa wetu katika safari za familia, kwa kuwa umri wake haumruhusu tena kukaa kitako saa nyingi njiani. Mnajua pia kwamba aliyekabidhiwa fedha hizo ni mimi, na kwamba sehemu yake haikurudi. Nilipotaka kuifidia kutoka mfukoni mwangu, wazee walikataa. Walisema nitalipa kwa kueleza yaliyonikuta, mbele ya watu wote, pasipo kuficha. Basi haya ndiyo malipo yangu.

Ilikuwa Aprili mwaka 2022. Niliyemwendea ni mfanyabiashara wa magari hapa Uingereza. Simtaji jina wala mji wake. Alinipokea kwa chai na biskuti. Alipojua kwetu ni Unguja, aliwasifu watu wa pwani kwa ukarimu wao hata nikajiona mgeni rasmi. Nilipofika injini ilikuwa imekwisha kupata moto. Alisema ameliwasha ili nisisubiri, nami nikamshukuru. Sikujua kwamba injini yenye moto huficha maradhi yanayoonekana asubuhi ikiwa baridi: kuwaka kwa shida, moshi, na milio isiyo ya kawaida. Leo ningempigia simu mapema nimwombe asiliwashe, na nikifika jambo la kwanza ningeweka kiganja juu ya boneti.

Ndani, madirisha yote yalikuwa wazi na manukato yamepulizwa. Katika pembe iliyo juu ya kitanda karatasi ya ukuta ilikuwa mpya kuliko nyingine zote. Nilidhani ni usafi. Ndugu zangu, adui mkubwa wa gari-nyumba ni maji. Kuta zake nyingi zimejengwa kwa mabao membamba yaliyofunikwa, na maji yakipenya kwenye maungio au dirisha la paa, mbao huoza kimyakimya miaka mingi kabla ya doa kuonekana. Dawa yake ni rahisi. Bonyeza kwa kidole gumba pembe zote, chini ya madirisha na ndani ya makabati. Mahali palipobonyea kama mkate pana maradhi. Kipo pia kifaa kidogo cha kupima unyevu, na wako mafundi wanaokuja kupima kwa ujira. Muuzaji alinionyesha cheti cha kipimo hicho. Sikusoma tarehe. Kilikuwa cha miaka minne nyuma.

Nilimwuliza kama vijana wetu wataweza kuliendesha. Akajibu, "Mwenye leseni yeyote." Huo ulikuwa uongo wa pili. Katika Uingereza, aliyefaulu mtihani wa kuendesha gari tangu tarehe 1 Januari 1997, kwa leseni ya kawaida haruhusiwi kuendesha gari la dizeli la aina hiyo lenye uzito ulioruhusiwa unaozidi kilo 3,500. Letu liliandikwa kilo 3,850 katika kibati cha kiwandani. Sisi tuliofaulu kabla ya tarehe hiyo tunaruhusiwa, lakini tukifika miaka 70 ruhusa hiyo haiendelei pasipo kupimwa afya. Gari la kaya saba likawa na dereva mmoja mzee.

Kisha likaja neno la haraka. Alisema yuko mteja mwingine anayefika saa tisa, na kwamba nikilipa siku ile ile kwa njia ya benki atanipunguzia. Nikatuma pauni 24,000 nikiwa nimesimama uani kwake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama gari ni jema, litakuwa jema na kesho.

Sasa nafika panaponiuma. Wiki ya pili tulikwenda Wales. Mvua ilinyesha usiku, na alfajiri godoro la Bi Mkubwa lilikuwa limelowa. Yeye hakulalamika, alisema baridi ya huko ndiyo ilivyo. Mimi nilijua, nikanyamaza. Niliona haya kuwaambia waliochanga kwamba nimedanganywa kama mtoto. Nikanunua gundi, nikaziba mwenyewe usiku, nikangoja.

Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kumrudishia mfanyabiashara kitu kibovu na kudai fedha zote. Siku hizo nilizimaliza kwa haya zangu. Nilipomwendea muuzaji wiki ya saba, alinionyesha risiti aliyoandika "limeuzwa lilivyo". Nikarudi nimeinamisha kichwa. Ni binti wa ndugu yangu aliyenifumbua macho: maneno hayo hayamwokoi mfanyabiashara mbele ya sheria. Tena kasoro ikidhihirika ndani ya miezi sita, huhesabiwa kuwa ilikuwapo siku ya mauzo mpaka muuzaji athibitishe kinyume chake. Yeye hupewa nafasi moja ya kutengeneza. Akishindwa, mnunuzi aweza kulirudisha gari, ila fedha hupunguzwa kwa matumizi. Tuliandika barua. Akatengeneza, likavuja tena. Baada ya miezi minne zilirudi pauni 21,600. Pauni 2,400 ndiyo bei ya kimya changu.

Kwa kuwa kamati inakusudia kununua tena, naomba tushike mambo haya. Kwanza, asiende mtu mmoja; waende watatu, na mmoja wao awe mwenye moyo mgumu asiyelainishwa na chai. Pili, kabla ya safari tutazame historia ya ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, ambayo serikali huionyesha bure katika intaneti kwa namba ya gari, pamoja na maili zilizosomwa kila mara. Na tulipie uchunguzi wa kujua kama gari lina deni la mkopo, maana kadi ya gari humtaja mtunzaji na haithibitishi mwenye mali. Tatu, namba ya chesisi ilingane na iliyo kwenye kadi. Nne, walau arubuni ilipwe kwa kadi ya mkopo: kwa kitu cha bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, sheria ya mwaka 1974 humfanya mtoa kadi awajibike pamoja na muuzaji. Tano, kila ahadi iandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari. Sita, tujihadhari na mfanyabiashara ajifanyaye mtu binafsi, maana kwa mtu binafsi kinga zetu ni chache. Mpigieni simu mseme tu, "Nauliza habari za gari." Akiuliza "Gari gani?", mmekwisha kumjua.

Ninyi wa Muscat na Toronto, sheria zenu ni nyingine. Lakini chai, manukato na mteja wa saa tisa mtavikuta huko pia, iwe mnanunua gari, kiwanja au nyumba.

Sisi tumelelewa kutomtilia mtu shaka usoni pake, na malezi hayo ni mema. Sitaki wajukuu zangu wayaache. Ila wajue kwamba kuuliza kwa adabu hakumvunjii mtu mwaminifu heshima. Na kijana yeyote wa ukoo huu atakayedanganywa kesho, aje kwetu siku ile ile, kabla siku hazijahesabika. Mficha uchi hazai. Hatutamcheka, mnaona mimi nimetangulia.

Bi Mkubwa ameniambia asubuhi ya leo kwamba bado anataka kuiona Scotland.