Jamaa wa Kigali Wanawangoja Ninyi
Tunaijua furaha ya familia inayoondoka Mahoko alfajiri kwenda Kigali kuwajulia hali jamaa. Lakini ukishapita Musanze, barabara huingia katika kona za Buranga, ambako ukungu na mvua humficha anayekuja mbele. Hapo haraka huua. Dereva akikimbiza gari au akishika simu, abiria wengi hunyamaza kwa heshima. Tunawasihi msinyamaze. Bibi aketiye nyuma na wajukuu ana haki ya kusema, “Mwanangu, punguza mwendo.” Dereva wa basi akikaidi, tupigieni 113. Gerayo Amahoro, kampeni tuliyoizindua mwaka 2019, maana yake ni kufika salama. Jamaa wanawangoja ninyi, hawaingoji saa.