Moyo wa Asilimia 35

(Mazungumzo ya dada mmoja aliyebadilishiwa valvu ya moyo akiwa kidato cha pili, mbele ya wanafunzi wa sekondari.)

  

Nimeombwa nizungumze juu ya moyo, na naona huko nyuma wengine wameshaanza kuchekana. Siyo huo mnaoufikiria, jamani. Nazungumzia huu wa nyama, wenye ukubwa wa ngumi yako, unaodunda kama mara 100,000 kwa siku bila kuomba likizo.

Wangu ulipopimwa baada ya operesheni, kwa kile kipimo cha eko kinachoonyesha moyo kwenye kioo kama televisheni, daktari aliandika asilimia 35. Najua mnachowaza: huyu kapata F. Sasa ngojeni tufanye hesabu. Chumba cha kushoto cha chini cha moyo kikijaa damu, kinajikaza na kuisukuma iende mwilini. Hakuna moyo unaoisukuma yote. Hata wa mwanariadha haupati 100. Moyo mzima hutoa kama asilimia 55 mpaka 70 ya damu iliyomo, inayobaki inasubiri zamu ijayo. Kwa hiyo 35 usiipime kwa 100, ipime kwa 60 hivi. Ni zaidi kidogo ya nusu ya kazi. Ni ndogo, sikatai. Ikiwa 40 au chini, na mtu anachoka na kuvimba, madaktari husema moyo umeshindwa kazi. Jina hilo silipendi hata kidogo. Moyo ulioshindwa haumleti mtu hapa kwa miguu yake.

Mtaniuliza: dada, si ulishapasuliwa? Si walitengeneza? Swali hilo nimeulizwa na shangazi, na jirani, na mwalimu mmoja aliyeona kovu langu la kifuani akasema basi sasa umepona, rudi kwenye zamu ya kuchota maji. Jibu lake ni hili. Ugonjwa wangu ulianza na koo. Watoto wa miaka 5 mpaka 15 hupata sana maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokoka. Yasipotibiwa, kwa baadhi yao, baada ya wiki 2 au 3 huja homa ya rumatiki: viungo vinauma na kuvimba, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Homa inaondoka. Kinga ya mwili, ambayo ilikuwa inapigana na bakteria, inakuwa imeshambulia na valvu za moyo. Valvu ni milango. Mlango wangu ukawa haufungi vizuri, damu ikawa inarudi nyuma kila pigo, na kwa miaka chumba kile kikatanuka kwa kubeba mzigo mara mbili.

Mnaujua mpira wa kiunoni wa sketi ya zamani? Ukiuvuta miaka mingi unalegea. Fundi anaweza kukubadilishia zipu ikawa mpya kabisa, lakini mpira ni ule ule. Ndiyo operesheni yangu hiyo. Mlango ni mpya, wa kutengenezwa, na unafunga vizuri mno. Misuli ni ile ile iliyolegea. Tena zamani damu ilikuwa na njia rahisi ya kurudi nyuma, na hiyo iliuficha udhaifu. Mlango ulipofungwa vizuri, ndipo namba yenyewe ya kweli ikaonekana.

Huo mlango wa kutengenezwa una kelele. Tik, tik, tik. Bwenini taa zikizimwa, kuna msichana aliwahi kuuliza nani kaja na saa ya ukutani. Wiki nzima walikuwa wanaitafuta.

Sasa maisha yenyewe yakoje? Asubuhi naanza na mizani. Moyo ukizidiwa, maji hubaki mwilini, na mizani hujua kabla ya miguu. Nikiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hiyo siyo shibe, ni maji, naenda hospitali. Dalili nyingine ni hizi: ukibonyeza mguu kwa kidole panabaki shimo; usiku huwezi kulala chali, unaongeza mto, kisha wa pili, mwisho unalala umekaa; ngazi ulizopanda jana, leo unasimama katikati. Ukiona hivyo usingoje mwisho wa wiki.

Chumvi ni adui anayependwa na kila mtu. Maharage ya shule, dagaa wa chumvi, chipsi za kona ile. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na hizo hazijai hata kijiko cha chai. Mimi nilikuwa nachotewa mboga kabla mpishi hajamalizia chumvi. Matroni alikubali baada ya kuona barua ya daktari. Barua ni kitu kikubwa, wadogo zangu. Nilikuwa nayo nyingine ya kuruhusiwa kutoka darasani, maana nakunywa kidonge cha kupunguza maji, na kidonge kile hakijui kama kuna mtihani wa hesabu.

Dawa nyingine zinaupunguzia moyo mzigo. Polepole, kwa baadhi ya watu, namba hupanda. Yangu mwaka jana ilikuwa 42. Wapo wanaofika hapo, wanajisikia vizuri, wanaacha vidonge. Namba inashuka tena, na safari hii huenda isipande. Mtu akikuombea, sali naye, ukitoka hapo meza kidonge chako.

Kisha ipo warfarini, ya kuzuia damu isigande kwenye ule mlango. Ikizidi unatoka damu, ikipungua bonge la damu linaweza kuziba mlango au kupanda kichwani na kuleta kiharusi. Ndiyo maana napimwa damu mara kwa mara. Mchicha na matembele nakula, ila kwa kiasi kile kile kila wiki, maana yanashindana na dawa hiyo. Sinywi aspirini wala dawa yoyote ya kienyeji bila kumwambia daktari. Nikienda kung'oa jino, kitu cha kwanza nasema, "Nina valvu ya kuwekewa," ili nipewe dawa ya kuzuia bakteria wasiende moyoni.

Wasichana, hili ni letu, na wavulana msikie pia. Mimba ni mzigo mkubwa kwa moyo dhaifu, inaweza kuua, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwenye moyo kama wangu azungumze na daktari mapema juu ya kuzuia mimba, kabla hajahitaji. Kuna watakaosema ni aibu kuuliza. Mimi niliuliza nikiwa na miaka 17, daktari akanijibu kama mtu mzima.

Zamani wengi wetu tulisubiri safari ya India. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na operesheni za moyo zinafanyika hapa nyumbani. Lakini mwenye koo linalouma pamoja na homa, asiye na mafua, aende zahanati. Penisilini ni rahisi kuliko valvu. Na aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huchomwa sindano yake kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Inauma, ndiyo. Achomwe.

Haya, karatasi za maswali. Hii inauliza: "Nikikaa dawati moja na mgonjwa wa moyo nitaambukizwa?" Hapana. Koo ndilo linaloambukiza, moyo hauambukizi.

Hii ya mwisho: "Je, unaweza kucheza michezo?" Kulala tu kitandani kunazidi kuilegeza misuli, kwa hiyo natembea kila siku. Kipimo changu ni mdomo: nikiweza kuongea huku natembea, sawa, nikishindwa kumaliza sentensi, napunguza mwendo. Mchakamchaka sikimbii. Mpira wa kugongana sichezi, kwa sababu ya ile warfarini. Kwenye netiboli shuleni nilikuwa naandika magoli, na timu za shule nyingine walikuwa wananilalamikia sana.